Hivi ukiuliza hesabu ya mchango kwenye mkutano wa mtaa ndo umeshakuwa mpinzani?

MpandaMawe

Wakuu habari za mvua. Mi ni mkazi wa mlimani hapa Nyamagana, Mwanza, mtaa siutaji mana tunajuana, ila ukisimama mjini ukatazama juu ukaona nyumba zimekaa juu ya mawe kama mbuzi basi kwangu ni mojawapo. Huu mwaka wa tisa naishi huku na nakiri mbele yenu kwamba kwa miaka yote hiyo mkutano wa mtaa nimeenda mara mbili, ya kwanza nilipita tu nikaona watu nikadhani kuna msiba, ya pili ni jumamosi hii iliyopita na ndo iliyonileta hapa.

Iko hivi. Vuli ya 2023 mvua ilitufanyia kitu mbaya, maji yalishuka na ngazi zote za mawe tulizozipanga, choo cha jirani kikaenda, na jiwe moja kubwa kama gari la mchanga likateleza kidogo likaja kuegemea ukuta wa mama mmoja hapa chini, mpaka leo limeegemea, yule mama analala chumba cha upande wa pili. Mwenyekiti wa wakati ule akapita nyumba kwa nyumba na mjumbe, kila kaya itoe 10,000 tuchimbe mtaro wa kuyapeleka maji pembeni halafu tuweke kalavati pale njia inapokutana na barabara. Tukatoa. Mi sikuwepo, mke wangu ndo alitoa, akaandikwa kwenye daftari, risiti hakuna, akaambiwa "dada sisi wote ni wa hapa hapa". Kwa hesabu ya haraka waliotoa hawapungui 80, maana kuna siku wenyewe walitamba kwamba zimefika kaya 83.

Mtaro ukachimbwa hatua kama thelathini, wakafika kwenye mwamba wakaacha. Tukaambiwa hela ya kupasulia mwamba haipo. Tukakaa. Ikaja Novemba 27, 2024 tukachagua mwenyekiti mwingine, mtendaji naye akahamishwa kata nyingine akaja mpya, kijana mzuri tu ana heshima zake. Mvua za mwezi huu zimekuja maji yamefuata ule mtaro vizuri kabisa mpaka pale kwenye mwamba, yakakosa pa kwenda yakaingia kwangu. Kwangu! Kabla ya mtaro yalikuwa yanapita kwa jirani.

Sasa jumamosi nikasikia boda inapita na spika, mkutano saa nne asubuhi. Nikaenda saa nne kamili kama mzungu. Tumeanza saa sita kasoro, tukiwa watu 21 ukihesabu na mtoto wa muuza karanga. Yakasomwa mambo ya ulinzi shirikishi, usafi, sijui nini, tulivyofika kwenye mengineyo nikasimama nikauliza kwa adabu kabisa, ile 10,000 ya mtaro ilikusanywa kiasi gani, imetumika kiasi gani, iliyobaki iko wapi. Ukimya. Halafu mzee mmoja pale mbele akasema "huyu ndugu sijawahi kumuona hapa, leo katumwa na nani?" watu wakacheka, na mwingine nyuma akadakia kwamba huu mwaka wa uchaguzi tunawajua. Mwenyekiti mpya akasema yeye hayo ya zamani hakukabidhiwa, tugange yajayo. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Wakuu mi chama sina. Kadi nilizonazo ni ya NIDA, ya bima na ya simba. Naulizeni, nina haki ya kudai hiyo hesabu au niache tu nitafute mchanga niweke viroba mlangoni? Na huwa mnaulizaje bila kupewa chama?

boda_wa_igoma

Mkuu weka viroba 😂

Siongei kwa ubaya, ila miaka tisa hujaenda mkutanoni af unataka siku ya kwanza upewe vitabu? Hata kwenye kikoba hawakupi. Lakini kwenye hela nakuunga mkono, hela za huku mtaani zina tabia ya kuyeyuka. Mi mwenyewe nakatwa kodi ya jengo kwenye luku tangu 2021, ilianza buku kwa mwezi sasa ni buku jero, na jengo lenyewe si langu nimepanga chumba kimoja na sebule, mwenye nyumba yuko Sengerema hata hajui umeme unanunuliwaje. Nilienda kuuliza wakanambia kata na mwenye nyumba wako kwenye kodi. Nimkate yule mzee? Atanikata mimi panga.

Kwa hio mi mikutano siendi. Jumamosi saa nne asubuhi ndo wakati abiria wapo, watu wanatoka Kishili na Buhongwa kwenda mjini, nikae kwenye benchi nisikilize mtu anasoma ajenda ambayo haina hela ya mafuta? Hapana.

mjumbe_mstaafu

MpandaMawe pole kwa maji. Mimi nimekuwa mjumbe wa kamati ya mtaa kipindi kimoja, sio mtaa wako, na mimi ni mama wa biashara ya kokoto kwa hiyo mawe nayajua na maneno ya mkutanoni nayajua. Nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Kwanza haki unayo na usiombe kwa kunyenyekea. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 kwenda juu, hauulizwi kadi ya chama wala ulikuja mara ngapi. Yule mwenyekiti na kamati yake wanawajibika kwenye ule mkutano, wao ndo wageni wenu pale mbele. Na kusoma mapato na matumizi ni wajibu, hakuna kiongozi wa TAMISEMI aliyepita asilisemee hilo, shida ni kwamba linasemwa kule juu likifika huku chini linakuta watu 21 na mtoto wa muuza karanga.

La pili, na hili watu wengi hawalijui, mtaa sio kijiji. Kijiji kimeandikishwa, kina hati, ni kama mtu mbele ya sheria, kinasimamia ardhi yake, kinatunga sheria ndogo, kinaweza kushtaki na kushtakiwa. Mtaa wa mjini hauna hayo. Ni kipande tu cha kata. Kodi mnazolipa zinaenda halmashauri au serikali kuu, mtaa unabaki na ofisi ya chumba kimoja na mhuri. Mwenyekiti hana mshahara anategemea posho, mtendaji ndo ana mshahara kwa sababu ni mwajiriwa wa halmashauri. Sasa chukua mtu asiye na mshahara, mpe mhuri, umkabidhi daftari la michango lisilo na risiti, halafu subiri. Sisemi aliiba. Nasema mlimwekea mtego na nyie wenyewe mkakaa mbali msione amenaswa au la.

Kwa hiyo swali lako ulilouliza lilikuwa sahihi ila uliuliza kwa njia ya kumshtua. Ulisimama kwenye mengineyo. Mengineyo ndo jalala la mkutano, pale watu wameshashika viatu. Ulitakiwa uende ofisini siku tatu nne kabla, uombe liwe ajenda, tena usiende peke yako, nenda na wawili watatu waliotoa hela na mmoja wao awe mwenye kadi ya chama chao. Hapo hakuna wa kusema umetumwa.

Na hili la "sikukabidhiwa" lisikutishe. Mwenyekiti anaondoka, ofisi haiondoki. Vitabu ni vya ofisi sio vya mtu. Muombe mtendaji mihtasari ya vikao vya mwishoni mwa 2023, lazima kuna mahali mchango ulipitishwa, na kama hakuna muhtasari wa kupitisha mchango basi hilo lenyewe ni jibu. Ukikwama unapanda kwa mtendaji wa kata, mana yeye ndo katibu wa kamati ya maendeleo ya kata na diwani ndo mwenyekiti wake, na wenyeviti wote wa mitaa wanakaa humo. Mule mwenyekiti wako akiulizwa na mwenzake hawezi kusema katumwa.

Halafu nauliza, huo mwamba mlileta mtu wa kupasua mkapata bei au mliambiwa tu haipo? Mana kuupasua kwa moto na nyundo kwa hatua chache sio hela ya kutisha, na zile kokoto zikitoka tunazinunua sisi.

MpandaMawe

@mjumbe_mstaafu asante sana mama, umenifungua macho kwenye hili la mengineyo, kweli watu walikuwa wameshasimama. Bei ya kupasua hatukuwahi kuambiwa, tuliambiwa tu haipo. Kokoto sikuwazia kabisa.

NipoButimba

Takukuru hao. Peleka jina mzee wa zamani akajieleze. Tumezidi upole.

mjumbe_mstaafu

@NipoButimba takukuru wapo na njia iko wazi, ila unapeleka nini? Daftari hujaliona, risiti huna, kiasi unakisia. Wataanza kukuuliza wewe. Kwanza karatasi. Na yule mzee anaishi hapo hapo, mkeo akizidiwa usiku ndo atakayebeba machela kushuka nae kwenye hayo mawe.

Mzee_Ukiriguru

Wanangu habari za leo. Nimesoma nikaona niseme neno, nimestaafu niko Misungwi huku nalima kidogo, macho hayaoni vizuri mtanisamehe nikikosea herufi.

Huyu kijana kaambiwa ametumwa. Hilo neno ni la zamani kuliko nyie. Huku kwetu Usukumani siasa haikuanzia kwenye jukwaa, ilianzia kwenye mizani. Miaka ya mwanzo ya hamsini mkulima alikuwa anapeleka pamba yake kwa mnunuzi, mnunuzi ndiye mwenye duka, ndiye mwenye mizani na ndiye anayesoma mizani. Mkulima anaambiwa zimefika ratili kadhaa, anapokea, anaondoka. Wakulima wakasema hapana, tunataka mpimaji wetu asimame pale naye asome. Hapo ndipo akina Paul Bomani walipopatia nguvu, ushirika ukakua mpaka 1955 ukawa Victoria Federation, chama kikubwa kweli, na yeye Bomani baada ya uhuru akawa waziri wa fedha. Yote hayo yalianza na mtu kuuliza kilo zangu ngapi. Na waliouliza waliitwa wachochezi, maana mkoloni alikuwa hataki kelele za namna hiyo kanda hii, hata TANU yenyewe iliwekewa marufuku huku kutoka 1954 mpaka 1958. Sasa leo kijana anauliza kilo zake za mtaro anaambiwa mwaka wa uchaguzi tunawajua. Nimecheka halafu sikucheka.

Nitawaambia na jambo lingine. Zamani vijana wa kijiji walikuwa na mkubwa wao, nsumba ntale, huyo ndiye aliyekuwa anawapanga kwenda kulima shamba la mtu au kujenga. Usipokuja bila sababu unatozwa faini, na faini inaliwa mbele yako. Hakukuwa na daftari ila hakuna aliyekuwa hajui nani ametoa nini, kwa sababu wote walikuwepo. Daftari la kwanza lilikuwa macho ya watu. Nyinyi mjini mmeweka daftari mkaondoa macho.

Halafu serikali nayo haikutusaidia, 1972 wakafuta serikali za mitaa, halmashauri zikavunjwa, wakaja mabwana kutoka mkoani na wilayani na madaraka yao. Vyama vya ushirika navyo vikafuatia 1976. Zilirudi baadaye kwa sheria za 1982, na Mwalimu mwenyewe alikuja kukiri waziwazi kuwa kuvifuta vile viwili lilikuwa kosa. Lakini ile miaka kumi na zaidi watu walizoea kungoja. Kungoja ni ugonjwa mbaya, unarithiwa. Mimi naona hata nyinyi mliozaliwa juzi mnao.

Kijana wewe endelea kuuliza, ila mwenye jiwe kwenye ukuta mmeshamtoa? Hapo mngeanza kabla ya hesabu.

boda_wa_igoma

Mzee wabeja sana, hii ya mizani sikuijua.

Ila mzee enzi hizo mlikuwa mnafahamiana wote, huku kwetu nyumba moja ina wapangaji saba na kila baada ya miezi sita wanabadilika. Mi jirani yangu wa ukuta simjui jina namjua kwa simu yake inavyolia. Utaenda mkutanoni umwamini nani?

Mzee_Ukiriguru

Hodi huwa inagongwa na mtu, mwanangu, haijigongi.

dagaa_kavu

Mi nipo mwaloni huku Kayenze upande wa Ilemela, nauza dagaa, naomba niwape ya huku kwetu pengine itamsaidia huyu ndugu.

Sisi tuna BMU, ule umoja wa kusimamia mwalo, tunaingia wenye mitumbwi, wavuvi, sisi wachuuzi wa dagaa na wengine. Kulikuwa na kipindi mikutano ilikuwa inakosa watu kabisa, viongozi wanaitisha jumatano wanakuja watu kumi, viongozi wanalalamika wananchi hawana mwamko. Neno mwamko silipendi, wanalitumia watu wa ofisini wakitaka kusema nyie wajinga. Sasa kuna mama mmoja akauliza, hivi mnaitisha mkutano giza? Mana dagaa inavuliwa usiku wa giza, taa ndo zinawaita, giza likiwepo wavuvi wako ziwani usiku kucha, asubuhi wanashusha, sisi tunaanika mpaka jua liishe, nani anakuja mkutanoni? Mbalamwezi ikiwa kubwa ndo kila mtu yuko nchi kavu, anashona nyavu, anadaiwa, anatafuta pa kukaa. Tangu siku hiyo mikutano yetu inafuata mwezi. Watu wanajaa mpaka wanakaa juu ya mitumbwi, na wakijaa ndo wanauliza, tena wanauliza kwa nguvu mana mbalamwezi mfuko umekauka kila mtu ana hasira na kila shilingi.

Sasa huko kwenu jumamosi saa nne asubuhi ni giza. Wote wapo kazini, sokoni, mwaloni Kirumba, stendi. Wanaobaki mtaani ni wazee, walinzi waliotoka lindo na watu wa mwenyekiti. Ndo mana ukisimama unaonekana mgeni. Tafuteni mbalamwezi yenu ni lini.

boda_wa_igoma

Jumapili saa kumi jioni. Mi jumapili jioni nipo, naosha pikipiki. Hio ndo mbalamwezi yangu 😂

Dada dagaa umeongea.

mjumbe_mstaafu

Dagaa_kavu umesema kitu ambacho sisi kwenye kamati miaka mitano hatukukiona. Tulikuwa tunaweka jumamosi kwa sababu mtendaji jumapili ni mapumziko yake. Basi. Sababu ilikuwa hiyo tu.

Naongeza moja kwa MpandaMawe kabla sijasahau. Uchaguzi wa mtaa wa 2024, uliandikishwa? Sisemi kadi ya mpiga kura, nasema lile daftari la wakazi la mtaani, Oktoba 11 mpaka 20. Mana wengi walidhani ile kadi inatosha wakaja siku ya kura hawamo.

MpandaMawe

Mama umenikamata. Sikujiandikisha. Nilidhani kadi inatosha.

NipoButimba

🤦🏾 ndo mana wanasema hawakujui

MpandaMawe

Wakuu nimerudi, ni wiki ya nne sasa, nilisema nisilete maneno mpaka kuwe na kitu.

Nilianza na yule mama mwenye jiwe kama mzee alivyosema. Tulikuwa wanaume sita na miti ya kuegeshea, jiwe halitoki lakini tumeliwekea kigingi cha mawe chini na tumemjengea ukuta mfupi kati, angalau analala chumbani kwake. Sasa katika kubeba mawe pale ndo nimejua majina ya majirani, na mmoja wao kumbe ndo yule aliyedakia nyuma "tunawajua". Fundi rangi, mtu poa kabisa, anasema alisema tu mana kila mtu alikuwa kimya akaona aibu.

Huyo fundi ana kadi ya chama, mwenyekiti ni rafiki yake. Tukaenda ofisini wanne, na mama mwenye jiwe, tukaomba ajenda na tukaomba siku ibadilishwe iwe jumapili saa kumi. Mtendaji alisita kidogo kwa ajili ya mapumziko yake halafu akakubali, nampa heshima yake. Mihtasari ya 2023 akatafuta kabati zima, akapata ya vikao viwili, mchango umeandikwa mstari mmoja tu "wananchi wameridhia kuchangia mtaro", kiasi hakuna.

Jumapili walikuja watu 114. Nilihesabu mwenyewe. Wengine walikaa juu ya mawe huko juu kama uwanja wa mpira. Na mwenyekiti wa zamani alikuja! Hakuitwa kwa nguvu, fundi alienda kumwambia tu mzee watu wanataka kujua usije ukasemwa ukiwa haupo. Akaja na daftari lake kwenye mfuko wa rambo. Waliotoa ni 83 kweli, 830,000. Matumizi yaliyoandikwa ni vibarua, sementi mifuko 18, mchanga na "dharura" 95,000. Hiyo ya dharura ilizua kelele ya nusu saa, mwisho akasema ilikuwa msiba wa mtoto wa kibarua aliyekuwa anachimba, alimpa asafirishe mwili kwenda Magu. Wazee watatu wakasema ni kweli wanaukumbuka huo msiba. Sasa hapo mtu unasemaje. Wengine walisema alitakiwa kuuliza kwanza, wengine wakasema akuulize nani mlikuwa wapi. Nilikaa kimya mana jibu nilikuwa nalijua nilikuwa wapi.

Sementi lakini haikai sawa. Kwenye ule mtaro hakuna mifuko 18, fundi mwashi mmoja alisema 11 ikizidi sana. Mzee alisema mingine iliganda kwa mvua stoo. Stoo ni ya nani? Ya shemeji yake. Basi hapo hatujamaliza, mkutano umemwambia alete saba au aeleze vizuri, kapewa mpaka mwisho wa mwezi, na hakuondoka kwa hasira, alibaki tukanywa nae soda.

Wapasua kokoto wamekuja kuona mwamba, mama @mjumbe_mstaafu walipotaja bei nilikukumbuka, wanasema wakichukua kokoto zao wenyewe sisi tunaongeza laki na 60 tu. Kaya nyingi zilikuwepo tukakubaliana 2,000 kila mtu, risiti za kitabu kile cha dukani chenye nakala mbili.

Shida moja tu. Wamenichagua mimi niwe mweka hazina wa huo mtaro. Nilikataa wakasema si wewe ndo ulikuwa unauliza. Jana nimegongewa mlango saa tano usiku na mpangaji ananiuliza 2,000 yake imefanya nini, wakati tumeanza kukusanya juzi. Mke wangu anacheka mpaka leo, ananiita serikali.

boda_wa_igoma

😂😂😂 mheshimiwa mweka hazina tunaomba mapato na matumizi

Af umetumwa na nani?

mjumbe_mstaafu

Hongera. Sasa nunua kaunta buku yenye kava gumu, sio daftari la shule, kurasa zake zinachomoka. Andika tarehe kila siku hata siku ambayo hakuna aliyetoa. Hela isilale kwako zaidi ya usiku mmoja. Na huyo mpangaji wa saa tano usiku mwambie aje kesho asubuhi, halafu umfungulie kweli.